Sataranji Ni Mchezo Ulioandikwa
Mhadhara kwa wanafunzi na wazazi, Bujumbura



Mwanafunzi mmoja kati yenu amependekeza mradi ambao umewafanya baadhi ya walimu wakunje uso. Anataka kuutumia mwaka wa masomo kujifunza kucheza sataranji vizuri, kisha aandike alivyojifunza. Wamemuuliza maswali mawili, na yote mawili ni ya haki. La kwanza: mchezo utakuwaje somo? La pili: atafundishwa na nani, ikiwa Burundi haijatoa hata bingwa mkuu mmoja wa mchezo huo?

Nimekuja kuutetea mradi huu, na nitaanza na swali la pili kwa sababu ndilo lililowakatisha tamaa wengi. Nitasema sataranji; anayesema chesi, au anayetumia jina la Kifaransa, anazungumzia kitu hichohicho. Jibu langu ni kwamba sataranji ni mchezo ulioandikwa. Michezo ya mabingwa, hatua kwa hatua, imehifadhiwa kwenye karatasi kwa karne nyingi. Kijana wa mtaa wa Buyenzi mwenye daftari na nakala chache za kurasa za kitabu anaweza kukaa na walimu ambao hata mtoto wa tajiri hawezi kuwaajiri, maana wengi wao wamekwisha kufa. Mji kukosa bingwa si kizuizi. Kizuizi ni kucheza mchezo baada ya mchezo bila kuandika chochote.

Kabla ya kufika kwenye daftari, tuulizane kucheza vizuri maana yake nini, kwani mradi usiojua unakokwenda utapimwa vibaya.

Watu wengi huamini kwamba bingwa huona hatua ishirini mbele, na kwamba kichwa chake huhesabu kuliko cha binadamu wa kawaida. Mwanasaikolojia wa Uholanzi, Adriaan de Groot, aliamua kulichunguza jambo hilo. Naye alilijua kwa ndani, kwa maana aliichezea nchi yake katika Olimpiadi za sataranji za mwaka 1937 na 1939. Aliwawekea wachezaji ubao wenye mchezo uliofika katikati, akawaomba wachague hatua huku wakifikiri kwa sauti, akaandika kila walichotamka. Miongoni mwao walikuwamo Alexander Alekhine, bingwa wa dunia wa wakati ule, na Max Euwe, aliyemvua taji mwaka 1935 na kulipoteza tena kwake miaka miwili baadaye. Tasnifu yake ilitoka mwaka 1946. Ilionyesha kwamba mabingwa hawakuhesabu mbali sana kuliko wachezaji wazuri wa kawaida, wala hawakuzipekua hatua nyingi zaidi. Walikuwa wakianza mahali pazuri. Hatua iliyofaa ilikuwa miongoni mwa zile chache walizozitazama mwanzo, wakati mchezaji wa kawaida alitumia dakika nyingi akizifuata njia ambazo hakustahili kuziingia kabisa.

Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon, huko Pittsburgh, Marekani, waliendeleza uchunguzi huo. Walimwonyesha mtu ubao wenye vipande karibu 25 vya mchezo wa kweli kwa sekunde tano tu, wakaufunika, kisha wakamwambia aupange upya kwa kumbukumbu. Anayeanza aliweza kuweka vipande kama vinne mahali pake. Mchezaji mzuri wa mashindano aliweka vinane. Bingwa aliweka 16. Wakavichukua vipande vilevile wakavitawanya ubaoni ovyo, bila mantiki ya mchezo, na hapo bingwa akawa karibu sawa na anayeanza. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba bado hubaki mbele kidogo, lakini ni kidogo mno. Kumbe bingwa hakuzaliwa na kumbukumbu ya ajabu. Anapotazama ubao haoni vipande 25. Anaona makundi machache anayoyafahamu, mfalme aliyejificha nyuma ya askari watatu, farasi aliyekaa mahali asipoweza kufukuzwa, ngome mbili zilizoshika safu iliyo wazi. Makundi hayo ameyakusanya kwa miaka.

Kwa mwanafunzi wetu, habari hii ni ya thamani kubwa kuliko zote nitakazosema leo. Inamwambia kwamba anachokitafuta ni macho, na kwamba macho hayo yanaweza kupimwa. Jaribio la Chase na Simon halihitaji maabara. Linahitaji ubao, saa, na mwenzako wa kuufunika ubao kwa kanga. Alifanye mwezi wa kwanza wa mradi wake kwa mbao kumi zilizochukuliwa katika michezo ya kweli na kumi zilizotawanywa ovyo, aandike matokeo. Alirudie katikati ya mwaka na mwishoni, kila mara kwa mbao mpya asizowahi kuziona. Ikiwa kumbukumbu yake ya mbao za kweli imepanda na ile ya mbao za ovyo imebaki palepale, ana ushahidi kwamba amejifunza kuona. Mwalimu aliyekunja uso atakuwa na namba za kusoma. Na jaribio la De Groot, la kufikiri kwa sauti, linaweza kufanyika kwa simu ya kawaida yenye kinasa sauti.

Sasa tuseme ukweli kuhusu muda. Guillermo Campitelli na Fernand Gobet waliwachunguza wachezaji wa Argentina wakatoa matokeo yao mwaka 2007. Waliofikia kiwango cha ubingwa walikuwa wametumia kwa wastani saa kama 11,000 za mazoezi. Lakini mmoja alifika kwa saa zipatazo 3,000, mwingine akahitaji zaidi ya 23,000. Tofauti hiyo inapaswa kumfariji anayejiona mzito na kumtuliza anayejiona mwepesi. Tuhesabu pamoja: mwanafunzi anayepata saa moja kila siku, baada ya kuchota maji, kumsaidia mama dukani na kusomea mitihani, atapata saa 365 kwa mwaka. Hata yule mwepesi kuliko wote wa Argentina, kwa mwendo huo, angehitaji zaidi ya miaka minane. Kwa hiyo mradi wa mwaka mmoja usiahidi ubingwa. Uahidi kitu kinachowezekana: kuacha kutoa vipande bure, kuijua miisho michache ya mchezo bila kukosea, na kuweza kueleza kwa maneno kwa nini mchezo uliopotea ulipotea. Mtu mwenye mambo hayo matatu tayari anacheza vizuri kuliko wengi wanaokaa ubaoni.

Saa hizo zianzie wapi? Wengi huanza kwa kukariri hatua za mwanzo wa mchezo, na nadhani hapo ndipo wanapoipoteza miezi yao. José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia kuanzia mwaka 1921 hadi 1927, aliwasihi wanafunzi waanze na mwisho wa mchezo, na mimi namfuata bila kusita. Mwishoni vipande vimebaki vichache, na kila kimoja kinaonekana kinafanya nini. Chukua mfano mdogo kabisa: mfalme mweupe na askari wake mmoja dhidi ya mfalme mweusi peke yake. Anayeanza humsukuma askari mbele kwa haraka, akiamini anakimbilia kuwa malkia, na mchezo unaishia sare. Aliyejifunza humtanguliza mfalme. Mfalme mweupe akifika mstari wa sita akiwa mbele ya askari wake, ushindi ni wake, awe ni yeye wa kucheza au mpinzani, isipokuwa askari huyo yumo katika safu ya ukingoni, ya kushoto kabisa au ya kulia kabisa. Jambo hilo moja lina ndani yake thamani ya kusubiri, thamani ya nafasi, na sababu ya kumfanya mfalme awe mpiganaji saa za mwisho ilhali mwanzoni alikuwa wa kufichwa. Mwanafunzi alipange ubaoni usiku mmoja, acheze upande mweupe, kisha ageuke acheze mweusi, mpaka asihitaji tena kuhesabu. Juma linalofuata aende kwenye miisho ya ngome.

Hapa ndipo daftari linapoingia. Ubao una safu nane zenye herufi a mpaka h, na mistari minane yenye namba 1 mpaka 8. Kila mraba una jina lake. Wanaosoma vitabu vya Kifaransa watakuta R kwa mfalme, D kwa malkia, T kwa ngome, F kwa askofu, C kwa farasi. Hiyo ndiyo alfabeti yote, na mtoto wa darasa la nne huishika kwa siku moja. Katika mashindano ya michezo mirefu, kanuni za FIDE, shirikisho la dunia lililoundwa Paris mwaka 1924, zinamlazimu kila mchezaji aandike hatua zote, zake na za mpinzani, wakati mchezo unaendelea.

Uandishi wa namna hii ni wa zamani kuliko Ulaya tunayoijua. Huko Baghdad, katika karne ya kumi, as-Suli alikuwa mchezaji asiye na mpinzani katika ikulu ya makhalifa, akaandika vitabu juu ya sataranji ya kanuni za zamani. Aliacha fumbo moja la vipande vichache ambalo kwa takriban miaka elfu moja hakuna aliyelitatua kikamilifu, mpaka Yuri Averbakh, bingwa mkuu wa Urusi, alipolifungua katika miaka ya 1980. Tazameni jambo hilo lilivyo: mtu wa Baghdad anauliza, mtu wa Moscow anajibu, na kati yao hakuna kitu ila karatasi. Bobby Fischer, kijana wa Brooklyn aliyekuwa bingwa mkuu akiwa na miaka 15, alijifunza Kirusi cha kutosha ili aweze kusoma majarida ya sataranji ya Kisovieti. Vijana wa mji huu mna Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, na wengi mna Kiingereza pia. Milango ya maktaba hiyo kwenu iko wazi kuliko ilivyokuwa kwake.

Lakini kurasa za wengine ni nusu tu ya daftari. Nusu ya pili ni michezo yako mwenyewe, hasa iliyokuuma. Mikhail Botvinnik, aliyewafundisha Karpov, Kasparov na Kramnik, wote wakawa mabingwa wa dunia baada yake, alisisitiza maisha yake yote kwamba mchezaji hukua kwa kuchambua michezo yake na kuiweka hadharani wengine waikosoe. Kwa mwanafunzi wetu ningesema hivi: mchezo ukiisha, kabla ya kumuuliza mtu na kabla ya kugusa simu, andika kando ya kila hatua ngumu ulichokuwa unafikiri. Andika uliogopa nini. Andika hatua ya mpinzani iliyokushtua, kwa sababu mshtuko ndio unaoonyesha mahali ambapo macho hayakufika. Baada ya michezo thelathini, soma daftari lote kwa mkupuo mmoja. Utaona unarudia kosa lilelile katika sura mbalimbali: pengine hutazami farasi wa mpinzani, pengine ukishashinda kipande kimoja unalegea. Hakuna mwalimu wa kukodi anayeweza kukujua kwa namna hiyo.

Pia mtafute mwenzako. Sataranji ya peke yako hukauka. Huko Katwe, mtaa wa kimaskini wa Kampala, Robert Katende alianza kuwafundisha sataranji watoto ambao hawakucheza kandanda. Wengi wenu mmewahi kusikia habari za Phiona Mutesi, aliyefika pale akiwa mtoto asiyekwenda shule, akaiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya mwaka 2010 huko Khanty-Mansiysk, na baada ya ile ya Istanbul mwaka 2012 akapata cheo cha FIDE. Filamu ya mwaka 2016 imeitangaza habari hiyo duniani. Mimi jambo ninalolishika zaidi ni dogo: aliyemwonyesha Phiona jinsi vipande vinavyokwenda hakuwa Katende. Alikuwa mtoto mwenzake, Gloria, mwenye umri wa kama miaka minne. Kila aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua kabisa, na anayefundisha hulazimika kulitamka lile alilokuwa analihisi tu. Mradi wa mwanafunzi wetu uwe na mwanafunzi wake: mdogo wake nyumbani, jirani wa Nyakabiga, au kijana asiyemfahamu kabisa. Tunacho Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichopewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2002 kwa kuwakutanisha vijana wa mitaa ya kaskazini katika miaka ya vita, ambayo watu waliogopa kuvuka mtaa. Ubao wa sataranji unawaketisha watu wawili uso kwa uso kwa saa nzima, kila mmoja akilazimika kujiuliza mwenzake anafikiri nini. Katika mji uliopita tulikopita, sioni jambo hilo kuwa dogo.

Nimetaja simu, nisiipite hivihivi. Tangu mashine ya Deep Blue ilipomshinda Kasparov mwezi Mei 1997, hakuna tena shaka nani anahesabu vizuri zaidi. Leo programu ya Stockfish, iliyo na nguvu kuliko binadamu yeyote, inapatikana bure na inafanya kazi ndani ya simu hata intaneti ikikatika, na Lichess inamruhusu yeyote acheze na dunia nzima bila malipo. Ni neema, na ni hatari vilevile. Ukiiuliza mashine mara tu baada ya mchezo, inakupa hatua bora papo hapo, unatikisa kichwa, unaridhika, na hujajifunza lolote, kwa kuwa jibu limekuja kabla swali halijaiva ndani yako. Mashine ije ya mwisho, baada ya kalamu yako na baada ya mwenzako. Inapopingana na ulichoandika, hapo kaa nayo usiku mzima ukipenda. Na umeme ukikatika, jambo tunalolijua wote, ubao wa mbao na mshumaa vinatosha.

Niwageukie wazazi na walimu. Kuna hoja inayotumiwa sana kuuza sataranji mashuleni: kwamba itamfanya mtoto apate alama nzuri za hesabu. Naomba tusiitumie. Uingereza walilijaribu jambo hilo kwa uangalifu katika shule 100, watoto wakafundishwa sataranji kwa miezi, na ripoti ya mwaka 2016 ikaonyesha kwamba mwaka mmoja baadaye alama zao za hesabu hazikuwa tofauti na za wenzao. Macho yanayojua kuona ngome na farasi hayaoni milinganyo kwa sababu hiyo tu. Chase na Simon wangeweza kutuambia hilo mapema. Mwanafunzi huyu anastahili kuruhusiwa kwa sababu nyingine. Atakuwa amechukua jambo gumu, amelifuata kwa mwaka mmoja, amejipima kwa uaminifu, ameandika kosa lake bila kulifunika. Chuo kinawafundisha watu hayo hasa.

Kwa hiyo msimpe alama kwa kuhesabu amemshinda nani. Anaweza kuwashinda wote wa mtaa wake kwa kuwa wao ni dhaifu, na asiwe amejifunza kitu. Fungueni daftari. Someni maelezo ya mchezo wa mwezi wa kwanza, kisha ya mchezo wa mwezi wa tisa, mwone kama maswali anayojiuliza yamebadilika. Ayaandike kwa lugha anayofikiria, iwe Kirundi au Kiswahili. Kulazimishwa kufikiri kwa Kifaransa cha mtihani kutamfanya aandike mapambo.

Nina ombi moja la mwisho, na hili ninalilia zaidi. Sataranji ina miraba 64 na vipande 32. Ikibuguzo chetu, mchezo ulio sawa na igisoro cha Rwanda na bao la Kiswahili, kina mashimo 32 na kete 64. Wazee wanaokicheza wanahesabu mizunguko ambayo macho ya mgeni hayawezi kuifuata. Mholanzi mwingine, Alexander de Voogt, alikwenda Zanzibar kukaa na mafundi wa bao, na tasnifu yake ya mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Leiden inawachunguza kama De Groot alivyowachunguza mabingwa wa sataranji. Lakini michezo ya mafundi wetu wenyewe iko wapi? Nani alikuwa bora katika kizazi cha babu zetu, na alishinda kwa njia gani? Hatuwezi kujibu, kwani kete zilirudishwa katika mfuko na hakuna aliyekuwa na kalamu.

Kwa hiyo mwanafunzi huyu awe na daftari la pili. Kila mchezaji wa ikibuguzo ana mashimo 16. Yapewe namba 1 mpaka 16 kuanzia kushoto kwake, safu ya mbele kwanza. Akae pembeni, aombe ruhusa kwa heshima, aandike kwa kila zamu shimo la kuanzia, shimo la kuishia, na kete zilizotekwa. Mwanzoni mkono utachelewa na wazee watamcheka, kisha watampunguzia mwendo. Mchezo mmoja kila juma unatosha. Mchezo ukiisha amuulize mshindi ni zamu ipi aliyojua kwamba ameshinda, naye aandike jibu kama lilivyotamkwa. Mwisho wa mwaka nakala moja iwekwe katika maktaba ya chuo pale Mutanga, na nyingine apelekewe mzee mwenyewe, ikiwa na jina lake juu.